Mbao Isikukimbie

(Muziki wa kipindi unasikika, kisha unashuka.)

Karibuni tena katika kipindi chetu cha kazi za mikono. Wiki iliyopita tulikuwa na akina mama wa cherehani, na tangu siku ile kila ninapopita sokoni vijana wa useremala wananisimamisha: "Na sisi je, mtangazaji?" Basi leo ni zamu yenu. Na wewe unayesoma karatasi hii ubaoni kwa sababu betri za redio zimekwisha, karibu vilevile. Maneno ni yaleyale ninayoyasema hewani.

Nianze na kidole changu. Redio haionyeshi, kwa hiyo nitakueleza tu. Dole gumba langu la kushoto lina kovu linaloanzia pembeni mwa ukucha mpaka kwenye kiungo. Siku tukikutana njiani tukapeana mkono, utaliona. Kovu hilo nilijipa mwenyewe kwa randa, au rabo kama wazazi wetu waliotoka Kivu na Burundi wanavyoiita. Nataka kukueleza lilivyopatikana, ili wewe ubaki na kidole kizima.

Mimi nimezaliwa hapahapa Nyarugusu. Kambi ilifunguliwa mwaka 1996, nami nikazaliwa miaka michache baadaye. Nilipomaliza sekondari nilikaa nyumbani bila shughuli, halafu nikaanza kujifunza useremala kwa mafundi wa zoni yetu. Baada ya mwaka mmoja nilijiona fundi tayari. Mbao nyoofu nilikuwa naipiga randa mpaka unaweza kutelezesha shavu juu yake. Stuli, rafu, fremu za madirisha, vyote vina pembe nne, na kitu chenye pembe nne hakikunitisha.

Siku moja akaja bibi jirani yetu. Mjukuu wake alikuwa amevunjika mguu. Plasta ilikwishatolewa, lakini mguu ulikuwa bado hauwezi kubeba mwili, na mkongojo walioazima ulikuwa wa mtu mzima. Mtoto akiuegemea, bega linapanda mpaka sikioni. Bibi akaniuliza, "Mjukuu wangu, unaweza kumtengenezea wa kimo chake?" Nikasema ndiyo kabla hajamaliza.

Miti miwili mirefu ya pembeni haikunisumbua. Kipande cha kushikia mkono nacho kilikuwa rahisi. Shida ilikuwa kile cha juu, cha kwapani. Ni kipande kifupi, kama sentimita 20, kimepinda kama mwezi mchanga: upande mmoja umebonyea, wa pili umebenuka. Nilikichora, nikakikata kwa msumeno mwembamba, vizuri tu. Ilibaki kukilainisha kwa randa ndogo.

Pale tunapofanyia kazi lipo jiliwa moja la chuma, wengine tunaliita eto. Nikasubiri zamu yangu, nikakibana humo. Midomo ya jiliwa ni bapa na kipande changu kilikuwa na tumbo. Kwa hiyo jiliwa lilikigusa mahali pamoja tu, na kila nikisukuma randa, kipande kinazunguka kama samaki mkononi. Nikakaza zaidi. Kikapata alama za meno ya chuma, na bado kikazunguka. Hapo nikakasirika, na hasira kwenye useremala ni ya kuogopa. Nikakitoa, nikakibana kati ya tumbo langu na ukingo wa meza, mkono wa kushoto umeshika ncha ya mbele, wa kulia unasukuma randa kwenda huko huko mbele. Ulioko mbele ni mkono wangu mwenyewe! Msukumo wa kwanza sawa, wa pili sawa. Wa tatu kipande kiligeuka, randa ikaruka.

Sikusikia maumivu mwanzoni. Niliona tu maranda meupe yanageuka mekundu.

Kwa kuwa nimefika hapo, sikiliza hili vizuri. Ukijikata, osha jeraha kwa maji safi mengi na sabuni, gandamiza kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, kisha nenda kituo cha afya hata kama unaona ni kidogo. Usiweke majivu wala udongo, wala vumbi la mbao. Waambie umekatwa na chuma cha kazi na uulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Mimi nilishonwa nyuzi tano.

Wiki tatu sikushika randa. Kuchota maji nilikuwa natumia mkono mmoja, nguo zangu dada yangu alifua. Hayo si kitu. Kilichoniuma ni yule mtoto. Kila asubuhi nikipita kwao namkuta amekaa mlangoni, mguu ameunyoosha juu ya dumu, anatazama wenzake wakienda shule. Wiki tatu zangu zilikuwa wiki tatu zake pia. Bibi hakunilaumu hata mara moja, na hilo ndilo lilikuwa gumu zaidi.

Kidole kilipofunga, nilirudi kazini na kile kipande mfukoni. Kuna mzee mmoja pale, kabla ya vita alikuwa anaunda mitumbwi Baraka, kando ya ziwa Tanganyika. Fundi wa mitumbwi hashughuliki sana na pembe nne. Mataruma, zile mbavu za ndani ya chombo, zote zimepinda, na hakuna mbili zinazofanana. Akakichukua kipande changu, akakigeuzageuza, akaniuliza: "Mwanangu, siku ile mbao ilikuwa inataka kwenda wapi?"

Sikuelewa swali. Akaniambia nisukume randa hewani, polepole, na nitaje kila upande ninaosukuma. Nikasema mbele. Akasema, na wapi tena? Nikasema chini kidogo. Na wapi tena? Nikanyamaza. Akasema, ikigonga jicho la mbao, au ikipanda mgongo wa kitu kilichopinda, inasukuma pia pembeni na inakizungusha. Basi mbao inataka kukimbia kwenda mbele, kuyumba chini, na kuzunguka. Wewe ulikuwa unaibana tumboni, mahali ambapo haikuwa inataka kwenda kabisa.

Msikilizaji, swali hilo ndilo nimekuletea leo. Wengi tunadhani kushika mbao ni kuiminya kwa nguvu, na kwa sababu hatuna majiliwa wala klampu za kutosha tunajiona hatuna la kufanya. Lakini randa yenyewe inagandamiza mbao mezani. Kazi yako ni kuiwekea kizuizi kule inakokimbilia, na kuitegemeza pale inapoyumba. Kwa hayo misumari michache, vipande vya mbao na kamba vinatosha.

(Sauti ya randa ikipita juu ya mbao.)

Tuanze na meza. Wengi wetu meza ni ubao mnene juu ya magogo mawili yaliyochimbiwa ardhini. Ni nzuri, tena haitikisiki kuliko meza nyingi za dukani. Upande wa mbele, kule randa inakoelekea, gongomelea ufito mwembamba kukatiza upana wa ubao. Uwe mwembamba kuliko kazi yako, randa isiugonge. Mbao nyoofu ukiitegemeza hapo haiendi popote, na mikono yako yote miwili inabaki kwenye randa, nyuma ya makali. Hilo nalisema mara mbili: mikono miwili kwenye randa. Ukijikuta mkono mmoja unalazimika kushika kazi, simama, bado hujaishika.

Ikiwa mbao inateleza pembeni, chukua kipande cha ubao, kata mwishoni mwake mdomo kama herufi V, mpana kama kona ya kitabu. Kisukume mpaka kona ya nyuma ya kazi yako iingie mdomoni, kisha ukigongomelee mezani kwa misumari miwili, usiizamishe yote ili uweze kuing'oa. Mbele kuna ufito, nyuma kuna mdomo. Unaweza hata kupiga randa kwa mshazari.

Mbao iliyojisokota, ile ambayo ukiilaza pembe mbili zinagusa na mbili zinaelea, usiigandamize. Ukiigandamiza inanyooka kwa muda, unaipiga randa, unaiachia, inarudi na msokoto wake. Weka kabari nyembamba chini ya zile pembe mbili zinazoelea, usukume taratibu mpaka iache kuyumba. Hapo unaipunguza ikiwa katika hali yake halisi.

Sasa miti ya mviringo: mipini ya majembe, miguu ya stuli, fimbo za wazee. Gongomelea fito mbili sambamba, kingo zake za ndani umezichonga mshazari, zifanye mfereji. Mti unalala kwenye mfereji, ncha yake inagusa kizuizi cha mbele. Utaona hauzunguki ovyo, ila wewe mwenyewe ukitaka kuugeuza unaugeuza kwa vidole kati ya msukumo mmoja na mwingine. Mguu wa stuli uliochongoka, mnene juu na mwembamba chini, piga randa kutoka kwenye unene kwenda kwenye wembamba, usiende kinyume. Ukienda kinyume chuma kinachimba nyuzi za mbao, na kinapochimba ndipo kazi inaporuka.

Kabari nazo zina adabu yake. Vijana wengi wanachonga kabari fupi yenye mgongo mkubwa, ukiigonga inaruka kama chura. Kabari ya kushikia iwe ndefu na ya mteremko mdogo. Kama ina urefu wa sentimita 15, unene utoke sentimita 2 upande mmoja mpaka nusu sentimita upande wa pili. Kata tundu la mraba kwenye ukingo wa ubao mnene, simamisha mbao yako humo kwa upande wake mwembamba, gonga kabari pembeni yake kwa kuelekea kule randa inakosukuma. Hilo ni jiliwa lako, na kila ukisukuma randa linazidi kukaza. Kulifungua, gonga kabari kwa nyuma.

Turudi kwa mwezi wangu mchanga. Mzee aliniuliza swali la pili, nalo liliniaibisha: "Ulipokikata hiki kipande, kuna vipande viwili vilibaki, kimoja cha ndani ya mkunjo na kimoja cha nje. Viko wapi?"

Nikasema mama alivipikia maharage.

Alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaeleza. Unapokata kitu kilichopinda, msumeno unakuachia kitanda chake bila malipo. Kipande kilichotoka upande uliobonyea kinafanana kabisa na ule ubonyeo. Ukilaza kazi yako juu yake, mgongo uliobenuka unaelekea juu, na chini kote kumejaa, hakuna panapoelea. Kile cha upande wa nje ndicho kitanda cha kufanyia kazi ubonyeo wenyewe. Gongomelea kitanda mezani, weka kizuizi mbele na kizuizi nyuma, na kipande chako hakina pa kukimbilia. Mimi nilikuwa nimetengeneza jiliwa zuri kuliko lile la chuma, nikalichoma!

Tukakata vitanda vipya kwa mbao ya kasha. Vilichukua muda mfupi kuliko nilivyosimama foleni ya jiliwa siku ile. Kwenye mgongo uliobenuka tunaanzia katikati, palipo juu kabisa, tunateremka kuelekea ncha, kisha tunakigeuza kipande na kuteremka upande wa pili. Ndiyo maana nasema vizuizi viwe viwili. Upande uliobonyea randa bapa haiingii, usijisumbue. Tumia tupa ya mbao halafu msasa, kutoka kwenye ncha kuteremka katikati.

Kuna kitu kimoja zaidi cha mzee ninachokipenda kuliko vyote: kamba. Kama kitanda hakitoshi, au umbo lina mikunjo mpaka huwezi kulikatia kitanda, toboa matundu mawili kwenye meza, pitisha kamba juu ya kazi yako, ncha zote mbili zishuke chini, zifunge pamoja ziwe kitanzi karibu na ardhi. Weka mguu ndani ya kitanzi. Ukikanyaga, kazi imebanwa. Ukiinua mguu, imeachiwa, unaigeuza, unakanyaga tena. Mikono yote miwili iko huru, na kamba haiachi alama kwenye mbao. Kuna wanaokaa chini na kushika kazi kwa nyayo za miguu, na wapo mafundi wazee wanaoifanya kazi hiyo kwa ufundi mkubwa wakiwa na tezo. Siwabishii wazee. Lakini wewe uliyeanza mwaka huu, kamba ni rafiki yako kuliko vidole vya miguu.

Vipande vyembamba sana, kama vya kutengenezea trei, navipitia haraka. Unaweza kuvigongomelea kwenye ubao wa chini kwa misumari midogo, lakini vichwa vya misumari vizame angalau milimita 3 chini ya uso, la sivyo utaharibu chuma cha randa. Njia safi zaidi ni gundi na karatasi: paka gundi ubao wa chini, laza gazeti, paka gundi tena, laza kipande, weka mawe juu, lala usingizi. Kesho yake piga randa. Ukimaliza ingiza patasi kwenye karatasi, gazeti linachanika katikati na kipande kinabanduka kizima. Kinachobaki unakwangua.

Na vipande vidogo kabisa, vya urefu wa kidole, watu wanageuza randa kichwa chini na kuvuta kipande juu ya makali. Mimi siipendi njia hii. Kama ni lazima, kigongomelee kwanza kipande kwenye ufito mrefu, ushike ufito, usishike kipande. Lakini mara nyingi jibu ni rahisi: usikikate kwanza. Kipige randa kikiwa bado sehemu ya mbao ndefu, halafu ukate.

Kuhusu chuma butu sitasema mengi, maana kunoa kuna kipindi chake. Jua tu kwamba randa butu inataka nguvu mara nyingi zaidi, na nguvu hiyo yote inaishia kwenye ile kazi unayojaribu kuishika. Ukiona kila kizuizi kinang'oka, kabla ya kuongeza misumari, tazama makali.

(Muziki mfupi.)

Mkongojo ulikwisha siku ya pili. Kwa sababu nimeulizwa na watu watatu vipimo vyake, ninavitaja. Mtu asimame wima, na sehemu ya juu ya mkongojo ibaki chini ya kwapa kwa nafasi ya vidole viwili au vitatu. Isiguse kwapa. Uzito unabebwa na mkono, kwa sababu kwapani hupita mishipa ya fahamu, na mtu akiegemea pale kwa muda mrefu mkono unakufa ganzi na kulegea. Pa kushikia pawe usawa wa kifundo cha mkono mkono ukiwa umening'inia, ili kiwiko kikunje kidogo mtu anaposhika. Chini funga kipande cha tairi kisiteleze kwenye tope, na ukibadilishe kikichakaa. Kabla ya kumkabidhi mtoto, mwonyeshe mhudumu wa mazoezi ya viungo kwenye kituo cha afya, aangalie kama kimo kimekaa sawa.

Yule mtoto sasa anakimbia, tena anacheza mpira, namba saba. Mkongojo wake bibi aliurudisha mwenyewe, akasema upewe mwingine, nao sasa uko kwa mtoto wa pili.

Vile vitanda viwili vya mbao ya kasha bado tunavyo, vimening'inizwa kwa msumari nyuma ya mlango pale tunapofanyia kazi, karibu na kisima cha zoni yetu. Kama unataka kutengeneza mkongojo wa mtoto, njoo uviazime. Ukifika uliza fundi wa mitumbwi, kila mtu anamjua. Atakuuliza kwanza mbao inataka kwenda wapi, jiandae na jibu.

Maswali yenu yaandikeni na kuyatia kwenye sanduku la kipindi, au nipeni mkononi mkinikuta njiani. Wiki ijayo, kama nilivyoahidi, tutanoa chuma cha randa kwa jiwe la mtoni. Kwaherini kwa leo.

(Muziki wa kipindi unapanda.)